Amri chache za kutambua mtandao wa kampuni unaugulia wapi

MTEJA anapoambiwa kwenye kaunta ya benki au chama cha akiba kwamba "mtandao umepotea", huwa hana la kufanya ila kusubiri. Karani naye hana la kuongeza. Fundi wa tarakilishi, ambaye aghalabu ni mmoja tu katika ofisi nzima, hukimbilia chumba cha mitambo, akazima rauta, akaiwasha, akaomba dua. Mtandao ukirejea hakuna ajuaye ulikuwa ukiugua nini. Usiporejea, lawama humwendea mtoaji huduma za intaneti, hata kama kosa ni la waya uliotafunwa na panya nyuma ya kabati.

Hasara ya hali hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chama ambacho wanachama wake wamepiga foleni kuchukua karo ya watoto hakipotezi saa pekee, bali pia imani ya watu hao. Na kampuni inayolipia huduma iliyoahidiwa kupatikana kwa asilimia 99.5 ya muda haiwezi kudai chochote iwapo haina rekodi inayoonyesha ni lini huduma hiyo ilitoweka, na kwa dakika ngapi.

Makala haya yanaeleza zana za kuangalia vifaa vya mtandao, yaani rauta, swichi, vifaa vya wifi, kamera, printa na seva, kwa kuandika amri badala ya kubofya picha. Zana hizo hazinunuliwi. Kadhaa zimo tayari katika mashine yoyote yenye Windows, Linux au mfumo wa Apple, na zisizokuwamo hupatikana bila malipo kama programu huria. Katika Windows andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia programu. Katika Linux na Mac fungua programu iitwayo Terminal. Litatokea dirisha, mara nyingi jeusi, lenye alama inayomsubiri mtu aandike.

Wapo wanaoliona dirisha hilo kuwa masalia ya miaka ya sabini. Kwa kazi hii, masalia hayo yanafaa kuliko picha za kupendeza. Amri ni maandishi, hivyo huweza kunakiliwa kwenye daftari, kusomewa mwenzako wa tawi la mbali kwa simu, kurudiwa vilevile kesho, na kuwekewa saa ili ijitekeleze yenyewe usiku. Tena hupenya hata kwenye laini dhaifu, pale ambapo kurasa zenye picha hukataa kabisa kufunguka.

Mlio wa manowari

Amri ya kwanza ni ping. Iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, mtaalamu katika maabara ya jeshi la nchi kavu la Marekani jimboni Maryland, alipokuwa akihangaishwa na mtandao uliokuwa na kasoro. Jina alilitoa kwa mlio ambao manowari hutuma majini kisha ikasikiliza mwangwi ukirudi kutoka kwa chombo kingine. Muuss alifariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 2000, lakini programu yake ingali ndiyo ya kwanza kuitwa popote mtandao unaposumbua.

Utendakazi wake ni rahisi. Tarakilishi hutuma pakiti ndogo ya kuomba mwangwi kwa kufuata itifaki ya ICMP, ambayo kanuni zake zilichapishwa Septemba 1981, na kifaa kinachoipokea hutakiwa kuirudisha. Windows hutuma pakiti nne na kuacha. Linux huendelea mpaka uizuie kwa kubonyeza Ctrl na C kwa pamoja. Ukitaka idadi maalumu, andika

ping -n 20 192.168.20.1

katika Windows, au uweke -c badala ya -n katika Linux na Mac. Ni kwa nini waundaji hawakukubaliana juu ya herufi moja ni swali lisilo na faida kuliuliza sasa.

Nguvu ya ping imo katika mpangilio wa maswali. Tuchukue mfano wa chama cha ushirika chenye makao makuu Nakuru na tawi mjini Molo. Karani wa Molo hawezi kufungua akaunti za wanachama. Fundi aanze karibu, kisha asonge mbali. Kwanza apige 127.0.0.1, anwani ambayo kila tarakilishi huitumia kujirejelea yenyewe. Isipojibu, tatizo limo ndani ya mashine hiyo wala hakuna haja ya kumsumbua mtu mwingine. Kisha apige rauta ya tawi lenyewe, tuseme 192.168.20.1. Ikikaa kimya, akague waya, swichi na umeme. Hapa ndipo hitilafu nyingi za ofisini zilipo, na hapa ndipo watu hutazama mwisho. Ikijibu, apige rauta ya Nakuru, halafu seva yenye akaunti. Rauta ya Nakuru ikijibu ilhali seva haijibu, kiungo kati ya miji hiyo miwili ni kizima na fundi wa Molo hana lawama. Kazi ni ya wenzake wa makao makuu.

Iwapo malalamiko ni kwamba intaneti yote haipatikani, piga anwani ya nje kwa nambari, mathalan 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare, halafu upige tovuti kwa jina lake. Nambari ikijibu na jina likakataa, njia ya kutoka nje ni nzima. Kilichoharibika ni huduma ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari. Amri ya nslookup ikifuatwa na jina la tovuti hulithibitisha hilo kwa sekunde chache. Ni ajabu jinsi hitilafu hii ndogo inavyoweza kuifanya ofisi nzima iamini kwamba kebo ya baharini imekatika.

Hata hivyo, kimya si ithibati ya kifo. Baadhi ya wasimamizi huagiza kuta za ulinzi zisijibu ping, na tarakilishi nyingi za Windows huwa zimefungwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya kutangaza kwamba kifaa kimekufa, jua kwanza kama kilikuwa kikijibu jana.

Wala jibu si ithibati ya uhai. Katika Windows, kifaa cha njiani kikikujulisha kwamba mashine unayoitafuta haifikiki, ujumbe huo huhesabiwa miongoni mwa pakiti zilizorudi, na muhtasari wa chini unaweza kudai kwamba hakuna iliyopotea hata moja. Anayesoma mstari wa mwisho pekee hudanganyika. Soma anwani iliyo mwanzoni mwa kila mstari na ujiulize: aliyejibu ndiye niliyemwita?

Penye majibu, tazama pakiti ngapi zimepotea na zilizorudi zimechukua milisekunde ngapi. Ndani ya jengo moja lenye waya, muda wa kwenda na kurudi huwa aghalabu chini ya milisekunde moja au karibu nayo, na wifi huongeza chache. Pakiti kupotea ndani ya jengo si jambo la kuvumilia. Hata moja kati ya mia ikipotea kwenye waya mfupi, huenda kuna kiungio kilicholegea, swichi iliyolemewa, au waya uliolazwa sambamba na nyaya za umeme. Mwendo wa kurukaruka, milisekunde 3 kisha 180 kisha 5, nao huharibu mazungumzo ya simu za intaneti hata kabla pakiti hazijaanza kupotea.

Safari ndefu zina kima chao cha chini ambacho hakuna mtoaji huduma anayeweza kukishusha. Mwanga husafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo kila kilomita 100 za kebo huongeza milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Kebo ya kilomita 500 kati ya Nairobi na Mombasa haiwezi kutoa jibu chini ya milisekunde tano, ajitahidi ajitahidivyo mwenye kebo. Waliotumia intaneti nchini kabla ya Seacom na TEAMS kuanza kazi mwaka wa 2009 wanakumbuka hali mbaya zaidi. Setilaiti za mawasiliano zilizotegemewa wakati huo huning'inia kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, safari ya zaidi ya kilomita 143,000 ambayo hula karibu nusu sekunde kabla rauta yoyote haijaongeza ucheleweshaji wake. Leo ukiona milisekunde 600 kuelekea seva iliyo Nairobi, inafaa kuuliza pakiti hizo zinazungukia wapi.

Pakiti za kufa makusudi

Swali hilo hujibiwa na traceroute, ambayo Windows huiita tracert. Van Jacobson wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, aliiandika mwishoni mwa miaka ya themanini kwa kutumia hila moja nzuri. Kila pakiti huanza safari ikiwa na idadi ya hatua inazoruhusiwa, na kila rauta hupunguza moja. Idadi ikifika sufuri, rauta iliyoishika hiyo pakiti huitupa na kumjulisha mtumaji. Basi traceroute hutuma pakiti za kufa makusudi: za kwanza zina hatua moja, zinazofuata mbili, kisha tatu, na kila rauta ya njiani hujitambulisha inapoleta habari za msiba.

Zana hii ndiyo inayodhihirisha kwa nini Kenya ilihitaji kituo chake cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti. Kabla ya KIXP, baruapepe ya kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa jirani wa ng'ambo ya barabara iliweza kupitia Ulaya au Marekani kwa setilaiti ikarudi, kwa kuwa kampuni hizo zilihudumiwa na watoaji tofauti wasiounganika humu nchini. Kituo hicho kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa muda mfupi baadaye kwa agizo la Tume ya Mawasiliano baada ya Telkom Kenya kulalamika, kisha kikarejea kazini mwaka wa 2002.

Matokeo ya traceroute yana thamani yakiwa na ya kulinganishwa nayo. Kebo za EASSy na Seacom zilipokatika kaskazini mwa Durban Mei 12, 2024, aliyekuwa amehifadhi orodha ya njia za wiki iliyotangulia angeweza kuona pakiti zake zimegeuzwa wapi. Asiyekuwa nayo angeona mlolongo wa majina tu. Ndiyo maana inafaa kuendesha amri hii siku ambayo hakuna tatizo na kuhifadhi matokeo, kwa kuongeza alama ya > na jina la faili mwishoni mwa amri.

Usiogope nyota zinazojitokeza katikati ya orodha. Rauta nyingi hukataa kujibu pakiti hizi, au huzijibu pale tu zisipokuwa na kazi ya maana zaidi. Kwa sababu iyo hiyo, rauta ya katikati inaweza kuonyesha milisekunde 300 ilhali inayofuata inaonyesha 40. Haiwezekani safari fupi ichukue muda mrefu kuliko safari inayoipitia, kwa hivyo ile ya kwanza ilichelewa kujibu tu, haikuchelewesha pakiti. Upotevu wa kweli huanzia mahali fulani na kuendelea hadi mwisho wa orodha. Programu ya mtr katika Linux, ambayo huunganisha ping na traceroute, huuonyesha vizuri ikiachwa itume pakiti mia kwa kila hatua:

mtr -r -c 100 8.8.8.8

Windows ina pathping kwa kazi kama hiyo, ingawa huhitaji subira ya dakika kadhaa. Ripoti ya aina hii ikiambatishwa kwenye malalamiko kwa mtoaji huduma hufupisha mabishano mengi, kwani fundi wa upande wa pili hawezi kukuambia uzime rauta na kuiwasha ikiwa pakiti zinapotelea ndani ya mitambo yake mwenyewe.

Nani yumo nyumbani?

Kampuni nyingi hazijui ni vifaa vingapi vimeunganishwa kwenye mtandao wao. Kuna printa iliyonunuliwa na mkurugenzi aliyestaafu, kamera ya langoni iliyowekwa na mwanakandarasi ambaye simu yake haipatikani tena, na kifaa cha wifi ambacho mtu wa idara ya mauzo alikichomeka chini ya meza yake kwa sababu mawimbi hayakumfikia. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuwa mlango wa nyuma.

Amri ya arp -a huorodhesha vifaa ambavyo mashine yako imewasiliana navyo karibuni katika mtandao huo, pamoja na anwani ambayo kila kifaa hupewa kiwandani. Nusu ya kwanza ya anwani hiyo humtambulisha mtengenezaji, kwa hivyo huweza kuitofautisha kamera na printa bila kuinuka kitini. Tahadhari ni kwamba simu za kisasa hubuni anwani za muda ili zisifuatiliwe, na hazitakuambia kweli. Ili kuwaamsha wote kwa pamoja, fping hupiga anwani zote za mtandao mmoja kwa sekunde chache:

fping -a -g 192.168.20.0/24

Yenye makali zaidi ni nmap, ambayo Gordon Lyon aliitoa kwa umma Septemba 1997. Amri ya nmap -sn na anwani za mtandao huhesabu vifaa tu. Bila -sn, programu hiyo hubisha milango elfu moja inayotumika sana katika kila kifaa na kueleza ipi iko wazi. Ukikuta mlango nambari 23 wazi kwenye kamera au rauta, simamisha kazi nyingine zote. Huo ni mlango wa Telnet, itifaki ya zamani inayopitisha nywila bila kuificha. Kirusi cha Mirai kilienea mwaka wa 2016 kwa kupitia mlango huo, kikijaribu jozi zipatazo 60 za majina na nywila za kiwandani ambazo wenye kamera na rauta hawakuwa wamezibadilisha. Oktoba 21 mwaka huo, jeshi la vifaa hivyo liliifurika kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote.

Mlango wa kuingilia kwenye kifaa kwa halali ni wa nambari 22, wa SSH, itifaki iliyoanzishwa na Tatu Ylönen mwaka wa 1995 baada ya nywila za chuo chake kudukuliwa mtandaoni. Kwa amri ya ssh mtu huingia kwenye rauta au swichi akiwa popote na kuuliza hali ya kila tundu. Katika vifaa vya Cisco, show interfaces huonyesha idadi ya pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika. Idadi hiyo ikizidi kupanda kwenye tundu moja, badilisha waya kabla ya kufikiria kununua swichi mpya.

Hapa sharti sheria itajwe. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka wa 2018, kuingia katika mfumo wa tarakilishi bila idhini kunaweza kumtia mtu faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Kubisha mlango si sawa na kuingia, lakini si busara kumwachia hakimu akuamulie tofauti hiyo. Usielekeze nmap kwa mtandao usio wa mwajiri wako, na hata ule wa mwajiri upate idhini ya maandishi kwanza. Fundi anayesema alikuwa "akijaribu tu" huwa hana karatasi ya kumtetea.

Kuuliza swichi yenyewe

Ping hukuambia kwamba kifaa ki hai, basi. Haikuambii kwamba tundu la saba limejaa pomoni tangu asubuhi. Kwa maswali hayo ipo SNMP, itifaki iliyotoka mwaka wa 1988, ambayo karibu kila rauta, swichi au printa ya ofisi kubwa huifahamu. Kila jambo linaloweza kuulizwa lina nambari yake ndefu. Kwa mfano,

snmpget -v2c -c nenolako 192.168.20.2 1.3.6.1.2.1.1.3.0

huiuliza swichi imekuwa macho kwa muda gani. Ikijibu dakika 12 ilhali hakuna aliyeigusa, umeme ulikatika au swichi ilijizima, na hapo umepata maelezo ya malalamiko ya asubuhi hiyo. Jibu huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde katika kihesabio cha biti 32, kwa hivyo kifaa kilichokaa siku 497 bila kuzimwa hurudi sufuri. Mtu asiyejua hilo hudhani swichi yake bora imeanguka.

Vihesabio vya baiti zinazopita kwenye kila tundu vina kasoro iyo hiyo, tena kubwa zaidi. Kihesabio cha biti 32 hufika ukomo baada ya baiti bilioni 4.29. Kwenye kiungo cha megabiti 100 kilichojaa, hiyo ni chini ya dakika sita. Kwenye kiungo cha gigabiti moja ni sekunde 34. Anayesoma kila baada ya dakika tano hupata takwimu za uongo. Dawa ni kusoma vihesabio vya biti 64, ambavyo vifaa vya kisasa huwa navyo kando ya vile vya zamani.

Neno lililoandikwa nenolako katika amri hiyo ndilo ufunguo. Viwanda vingi vimekuwa vikitoa vifaa vyake vikiwa na neno public kwa kusoma na private kwa kubadilisha, na kuna kampuni ambazo hazijawahi kuyagusa. Mtu aliyekaa chumba cha wageni na kipakatalishi chake anaweza kusoma ramani nzima ya mtandao kwa neno la kwanza. Kwa neno la pili anaweza kuzima tundu la meneja. Toleo la pili la itifaki hii, lililotumika hapo juu, halifichi neno hilo linaposafiri. Toleo la tatu, lililofanywa kuwa kiwango rasmi mwaka wa 2002, hulificha na kudai jina na nywila. Kifaa kikiliruhusu, tumia hilo.

Daftari linalojiandika

Amri inayoandikwa na mkono wakati wa dharura ni tiba. Ufuatiliaji huanza pale inapojirudia bila kuambiwa. Tarakilishi kuukuu yenye Linux inatosha. Andika anwani za vifaa katika faili vifaa.txt, moja kila mstari, kisha uandike faili nyingine, angalia.sh, yenye mistari hii:

while read anwani; do
ping -c 3 -W 2 $anwani > /dev/null || echo "$(date '+%F %T') $anwani kimya" >> /home/mlinzi/kimya.txt
done < /home/mlinzi/vifaa.txt

Maana yake ni kwamba kila kifaa kipigwe mara tatu na kusubiriwa sekunde mbili; kisipojibu hata mara moja, tarehe, saa na anwani yake ziandikwe kwenye kimya.txt. Kupiga mara tatu kunazuia kelele za pakiti moja iliyopotea kwa bahati mbaya. Kisha, kwa amri ya crontab -e, ongeza mstari huu ili kazi hiyo ifanywe kila dakika tano, mchana na usiku:

*/5 * * * * sh /home/mlinzi/angalia.sh

Mwishoni mwa mwezi, amri ya grep -c 192.168.10.1 kimya.txt huhesabu mistari yenye anwani hiyo. (Angalia tu isihesabu pia 192.168.10.11 na wenzake. Weka nafasi baada ya anwani na uifunge yote katika alama za kunukuu.) Mistari 12 ni takriban saa moja ya kimya. Ahadi ya asilimia 99.5 katika mwezi wa siku 30 inaruhusu saa tatu na dakika 36 za kukatika. Ahadi ya asilimia 99.9 inaruhusu dakika 43 tu. Meneja anayeingia kwenye mkutano na mtoaji huduma akiwa na mistari 90 yenye tarehe na saa huzungumza lugha tofauti na anayesema kwamba mtandao "unasumbua sana siku hizi". Hakikisha tu saa ya mashine inarekebishwa kwa NTP, maadam daftari lenye saa isiyo sahihi litakataliwa mapema.

Iko zana moja zaidi ambayo fundi huishika kwa hadhari. Tcpdump, iliyotoka katika maabara ile ile ya Berkeley mwaka wa 1988, hunasa pakiti zenyewe zinapopita na kuonyesha nani anazungumza na nani. Hufichua mashine iliyoambukizwa na inayotuma maelfu ya pakiti kwa dakika, au kamera inayoongea na anwani ya ng'ambo saa nane za usiku. Lakini pakiti hubeba mambo ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inawahusu wafanyakazi sawa na wateja. Nasa vichwa vya pakiti tu, kwa muda mfupi, kwa sababu iliyoandikwa, na ufute faili kazi ikiisha.

Vifaa vikizidi hamsini au sitini, faili ya mistari mitatu huanza kuelemewa na ni vyema kuhamia mifumo kama Nagios, iliyoanza mwaka wa 1999 kwa jina NetSaint, au Zabbix, iliyotolewa mwaka wa 2001. Zote ni huria na huchora grafu na kutuma arifa. Aliyezizoea amri hatapotea humo, kwani Zabbix yenyewe huita fping chini kwa chini inapotaka kujua kama kifaa ki hai.

Popote utakapofanyia ukaguzi huu, fikiria mahali pa kuiweka mashine inayoufanya. Ikichomekwa kwenye swichi ile ile inayoichunguza, swichi hiyo ikifa daftari litasema kwamba kila kifaa cha kampuni kimekufa kwa wakati mmoja. Ikitegemea umeme bila betri ya akiba, itazimika pamoja na wagonjwa wake na kuacha pengo tupu palipostahili kuandikwa jambo kubwa kuliko yote. Iwekee betri, iunganishe karibu na rauta kuu, na ukiweza weka ya pili katika tawi la Molo ipige Nakuru, ili kila upande uwe na daftari lake.